Baba hurudi msikitini taarifa ya habari imeshapita: ninunue king'amuzi cha kurekodi?

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Naandika kutoka Makorora, Tanga mjini. Naishi na mume wangu, watoto wetu wawili (wa kike ana miaka 14, wa kiume 9) pamoja na babangu mzazi. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni dereva wa daladala. Baba ana miaka 76, mstaafu wa bandari. Mama alipofariki mwaka juzi tulimwona mzee anadhoofika peke yake kule Pangani, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema, "Tukamchukue." Namshukuru sana kwa hilo.

Shida yangu unaweza kuiona ndogo. Baba ni mtu wa taarifa ya habari tangu zama za redio, na ya saa mbili usiku ndiyo yake. Lakini pia hakosi sala ya Isha ya jamaa. Msikiti uko karibu, kijana anatumia dakika tatu. Baba ana goti la kulia lililokaza, anatembea na bakora, na baada ya sala haondoki mpaka amalize uradi wake. Akifika nyumbani ni saa mbili na nusu, wameshaingia kwenye michezo. Wiki iliyopita nilikuwa mapumzikoni nikaliona kwa macho yangu. Aliingia, akavua kofia yake ya viua, akaiweka juu ya goti, akauliza, "Wamesemaje leo?" Binti yangu akamjibu bila kugeuza shingo, "Mambo ya Bunge tu, babu." Mzee akaitikia, "Haya," akakaa kimya anatazama mpira ambao hata haupendi. Usiku ule sikulala vizuri.

Fundi aliyetufungia dishi ananiambia dawa yake ni king'amuzi chenye diski ndani: kinarekodi, kinasimamisha matangazo, kinarudisha nyuma. Pamoja na kubadilisha kichwa cha dishi na ufundi wake anataka laki nne na nusu, na kila mwezi kuna ada ya ziada juu ya kifurushi. Mwezi ujao ni zamu yangu kwenye upatu, nitapokea laki sita. Pesa hiyo nilishaipangia kuweka choo cha kukaa, maana cha kwetu ni cha kuchuchumaa na baba anapata tabu na goti, lakini nimeona choo kinaweza kusubiri upatu mwingine. Mume wangu naye anaitaka mashine: mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaanza saa nne au saa tano usiku, na yeye anaamka saa kumi alfajiri. Mimi nikiwa zamu ya usiku naikosa tamthilia yangu ya saa moja na nusu. Kwa hiyo wote tutafaidika.

Kinachonitia shaka ni shemeji yetu wa Muheza. Alinunua mashine ya namna hiyo, umeme ukakatika ukarudi kwa kishindo, na tangu siku hiyo inawasha taa nyekundu basi. Vipindi vyote alivyohifadhi vimebaki humo humo. Na nilipomgusia baba habari hizi alisema, "Si kitu mwanangu, nitasikia kesho barazani."

Ninunue, Shangazi, au niache?

Muuguzi wa Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa zamu.

Hiyo kofia juu ya goti imenikaa. Mzee aliyeishi maisha yake yote akijua dunia imelalaje kabla yeye hajalala, leo anaokota habari kwa mjukuu aliyempa kisogo. Hapana, shida hii siioni ndogo hata kidogo. Nakujibu moja kwa moja ili usihangaike kusoma mpaka chini ukitafuta: mashine ya laki nne na nusu usinunue. Lakini baba aipate taarifa yake ya habari tangu mwanzo, na aipate mwezi huu, upatu haujatoka.

Nianze na mashine yenyewe. Vingamuzi vya kurekodi vilianza kuuzwa majumbani kule Marekani mwaka 1999, majina yake TiVo na ReplayTV, na kazi yake mpaka leo ni ileile. Ndani mna diski ngumu kama ya kompyuta. Picha inayoingia inaandikwa kwenye diski, nawe unaisoma kutoka humo. Ndiyo maana unaweza kumsimamisha msomaji wa habari mdomo wazi, ukaenda kumimina chai, ukarudi akaendelea pale pale. Sisi wa zama za deki tulikuwa tunaingiza mkanda wa VHS, tunakaa tunachungulia usije ukaisha kabla ya kipindi, na kuutazama ilikuwa mpaka uurudishe nyuma wote. Kwenye diski unaweza kuanza kutazama mwanzo wa kipindi wakati mwisho wake bado unarekodiwa. Hilo liweke akilini, ndilo linalomhusu baba.

Fundi amekuambia kinasimamisha na kurudisha nyuma. Ni kweli. Ila kinachorudishwa nyuma ni ile chaneli iliyokuwa wazi. Saa mbili usiku, baba yuko kwenye uradi, rimoti iko kwa nani? Iko kwa huyo bwana mdogo wa miaka 9. Akiwa kwenye katuni, mashine inahifadhi katuni. Akihama chaneli, kwa mashine nyingi kile kilichokuwa kimeshikwa kwa muda kinafutika, inaanza upya. Kwa hiyo kitufe cha kusimamisha, ambacho ndicho mafundi wanapenda kukionyesha dukani, hakimfikishii baba kitu. Anachohitaji ni kurekodi kwa kupanga: kila siku, saa mbili kamili, chaneli yake, hata kama ukumbi mzima umesahau.

Hapo ndipo penye swali ambalo karibu hakuna mnunuzi anayeliuliza: king'amuzi hiki kinakamata chaneli ngapi kwa wakati mmoja? Kile kifaa cha ndani kinachokamata chaneli kinaitwa tyuna. Chenye tyuna moja kikirekodi habari, kimefungwa kwenye habari. Watoto wakitaka tamthilia, kurekodi kunakatika. Chenye tyuna mbili au zaidi kinarekodi huku na kuonyesha kule. Hiyo ndiyo sababu ya bei aliyokutajia, na ndiyo sababu anataka kubadilisha kichwa cha dishi, kwa kuwa kile cha kawaida chenye tundu moja hakiwezi kulisha tyuna mbili zinazotaka chaneli tofauti. Kwa hilo fundi wako hajakudanganya.

Sasa tuwatazame hao "wote tutafaidika", mmoja mmoja.

Mumeo. Namheshimu sana mwanaume aliyesema "tukamchukue", na ningependa apate raha yake. Lakini fikiri siku yake ilivyo. Mechi imerekodiwa usiku. Yeye yuko barabarani kabla hakujapambazuka, na kabla hajajaza gari ya kwanza konda ameshamwambia nani kafunga na dakika ya ngapi. Abiria wa kiti cha mbele wanabishana kama lile bao lilikuwa la kuotea. Mabao ameshayaona kwenye simu ya mtu kijiweni. Jioni anarudi, mgongo unamuuma, matokeo anayajua. Atakaa dakika 90 kweli? Muulize kwa upole mara ya mwisho alipotazama marudio ya mechi nzima ambayo matokeo yake alikuwa anayajua. Mpira ukishasimuliwa mjini umekwisha, na dereva wa daladala ndiye mtu wa kwanza kusimuliwa.

Wewe. Tamthilia nyingi hurudiwa, ama kesho yake mchana ama mwisho wa wiki, na wewe unayetoka zamu asubuhi una mchana ambao wenzio hawana. Angalia ratiba ya chaneli yako kabla ya kuinunulia diski. Nina jirani hapa Chumbageni aliyekuwa na mashine hiyo unayoisema. Mwaka wa kwanza alirekodi kila kitu. Siku moja alinifungulia orodha tukaitazama pamoja, inashuka tu, inashuka, tamthilia juu ya tamthilia ambazo hakuwahi kuzifungua, akaniambia, "Naziona kama nadaiwa." Muda wa kuzitazama haukuwepo siku zilipoonyeshwa, na haukuja baadaye. Wewe una zamu, watoto wawili na mzee. Utakuwa na orodha ndefu kuliko yake.

Anabaki baba, naye ndiye mwenye haja ya kweli. Kila siku, kipindi kilekile, saa ileile, anakitazama mara moja kisha hakihitaji tena. Haja ya namna hiyo ni rahisi sana kuihudumia. Hesabu hii: chaneli ya picha ya kawaida ikirushwa kwa megabiti 4 kwa sekunde, saa nzima ni kama GB 1.8. Flashi ya GB 32 inabeba saa 17. Baba anahitaji saa moja, na kesho yake inafutwa. Umlipie diski ya mamia ya saa, na ada ya mwezi juu yake, ya nini?

Nitakachokuambia ufanye ni hiki. Taarifa ya habari ya saa mbili iko kwenye chaneli za kitaifa ambazo king'amuzi cha antena kinazionyesha bila malipo ya mwezi, kama TBC1 na ITV. Tafuta king'amuzi cha antena, kidogo, kipya au kilichotumika, chenye tundu la USB na kinachorekodi kwenye flashi. Watu wengi tangu analojia ilipozimwa mwaka 2013 wamebadilisha vingamuzi mara mbili tatu, vya zamani viko juu ya makabati; uliza kwa ndugu kabla ya dukani. Kikae pembeni ya hicho chenu cha dishi, kwenye tundu jingine la runinga. Umeona faida yake? Hicho kidogo ndiyo tyuna yako ya pili. Saa mbili kinarekodi habari kimyakimya, watoto wanaendelea na dishi lao, hakuna anayemwambia mwenzie "mnaniharibia". Babu akiingia mnahamisha tundu kwa rimoti, anaanza mwanzo, na mwisho wa taarifa bado unaendelea kurekodiwa nyuma yake.

Ila tundu la USB peke yake lisikupumbaze. Vingamuzi vingi vina tundu hilo kwa ajili ya kuingizia programu mpya au kupigia muziki tu, kurekodi havirekodi. Na usikubali kuambiwa "kinarekodi mama, ondoa shaka." Nenda na flashi yako mkononi, mwambie muuzaji arekodi dakika kumi mbele yako. Zikifika tano, mwambie aanze kuonyesha tangu mwanzo huku kurekodi kunaendelea. Kisipoweza hilo, kwa baba hakifai. Kisha mwambie apange kurekodi kwa saa, halafu azime swichi ya ukutani, awashe tena. Je, ratiba bado ipo? Saa ya king'amuzi bado ni sahihi? Kwa umeme wetu unaokatika magharibi na kurudi Isha, king'amuzi kinachosahau ratiba kila umeme ukikatika kitakuacha na flashi tupu siku ambayo baba ana hamu zaidi. Flashi nayo isiwe ile ya bei ya kutupa. Ikiwa nzito kuandika, picha inakatikakatika na sauti inamezwa.

Lile la shemeji wa Muheza si mkosi wake peke yake. Diski ngumu ni sahani inayozunguka, na umeme ukikatika wakati inaandika inaweza kuharibu kilichomo au kujiharibu yenyewe. King'amuzi cha namna ile huandika muda wote kinapokuwa kimewashwa, hata kama hamjarekodi kitu, ili muweze kurudisha nyuma. Kwa hiyo umeme ukikatika hukikuta kazini kila mara. Na vilivyorekodiwa humo kwa kawaida hufungwa kwa msimbo visichezwe kwingine, hata ukiitoa diski ukaichomeka kwenye kompyuta. Flashi ikifa umepoteza habari za jana. Hata hivyo nunua kile kidude cha kulinda umeme, uchomeke runinga na vingamuzi vyote viwili humo.

Umeme wenyewe pia una hesabu yake. Kifaa kinachokula wati 20 usiku na mchana kinamaliza uniti kama 14 kwa mwezi. Kama mita yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 ambapo kwa bei zilizopangwa 2016 uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na ukivuka ni 350, uniti 14 zinaweza kuwavusha. Kidogo cha antena kinakula chini ya hapo, na mnaweza kukizima baba akishamaliza.

Kama runinga yenu inaingia intaneti, au kuna simu inayoweza kuunganishwa nayo, vituo vyetu vingi huweka taarifa ya habari YouTube usiku uleule. Ni njia nzuri kwa siku flashi ikigoma. Kwa kila siku sikushauri, bando linakwenda, na baba atakuwa anamsubiri mwenye simu.

Sasa choo, mwanangu. Hapa sikubembelezi. Wewe ni muuguzi, unajua kuliko mimi mzee wa miaka 76 mwenye goti lililokaza akichuchumaa usiku wa manane, sakafu ina maji, bakora ameiegemeza ukutani, kinachoweza kutokea. Umewapokea wangapi wodini waliovunjika nyonga kwa namna hiyo? Choo hakisubiri upatu mwingine. Laki sita hiyo iliwekwa mahali pake tangu mwanzo, irudishe palepale, na ukutani uweke chuma cha kushikia.

Nimeliacha mwisho lile neno la baba, "Si kitu mwanangu, nitasikia kesho barazani", kwa sababu nimelisoma mara nyingi. Usilichukue kama lilivyo. Baba yako anaishi kwa mkwewe. Mtu wa makamo yake, mtu wa pwani aliyelelewa kwa haya, hawezi kumwomba mkwewe rimoti. Angekuwa Pangani kwake angesema, "Hebu wekeni habari," na watu wote wangenyamaza. Hapo Makorora anavua kofia na kusema haya. Hakuna aliyemkosea, mumeo ni mwema. Lakini wema wa kumchukua mzee una sehemu yake ya pili, nayo ni kumfanya asione kwamba amekuja kukaa pembeni ya runinga ya watu. Hilo wewe mwanawe huwezi kumfanyia. Likitoka kwako atasema tena "si kitu."

Kwa hiyo zungumza na mumeo faraghani, umsimulie ya ile kofia kama ulivyonisimulia mimi. Binti naye aambiwe, na apewe kazi: yeye ndiye mwangalizi wa flashi, kila jioni kabla ya saa mbili ahakikishe imechomekwa na ratiba ipo. Miaka 14 ni umri wa kuaminiwa na kitu. Siku ya kwanza ichagueni siku ambayo mumeo yuko nyumbani. Mzee akiingia kutoka Isha, mumeo ndiye aseme, "Baba, habari zako hazijaanza, zinakusubiri," amwekee rimoti mkononi mwake. Itakuwa na vitufe arobaini na vyote vya nini sijui. Anavyohitaji ni viwili, cha kuanzisha na cha kusimamisha. Plasta za hospitali unazo. Kata vipande viwili vidogo, bandika juu ya vitufe hivyo, ili kidole chake kivipate hata taa ikiwa imezimwa.